Namba ya Wimbo Nyuma ya Kigari

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wote wanamwita Cheche. Hata mama yetu anamwita hivyo; jina la ubatizo analitoa akikasirika tu. Mikono yake imejaa makovu madogo madogo, kana kwamba alinyeshewa mvua ya moto, na ukimpa pole anacheka.

Mama alipoishiwa nguvu za miguu hakulalamika kukaa ndani. Kilichomuuma ni kukosa ibada. Cheche alijifungia karakanani na injini ya pikipiki iliyokuwa imetupwa, magurudumu matatu na kiti cha sofa letu kuukuu, akatutolea kigari. Siku kilipowaka nilishika mdomo. Mama akabebwa, akaketishwa juu yake kama malkia, akafunga mkanda uliokatwa kwenye begi, akasema, "Twendeni upesi, kabla sijaamka."

Sasa Cheche aliona vyombo vyote vya barabarani vina namba nyuma, akaona aibu chetu kwenda uchi. Akakata bati, akalipaka rangi, akaandika 214. Ndiyo namba ya wimbo anaoupenda mama katika kitabu chetu cha nyimbo. Hakuwa na hila hata chembe. Alidhani namba ni ya watu kukitambua chombo, na sisi waumini wenzake tulikitambua vizuri sana.

Trafiki hakukitambua. Alitusimamisha barabara kuu tukitoka ibadani, Cheche kwenye usukani, mama kwenye sofa, mimi nimejibanza nyuma na mwavuli.

"Hii namba ya wapi?"

"Ya kitabu cha nyimbo, afande."

"Wewe, unanitania?"

"Mia mbili na kumi na nne," mama akadakia. "Nikuimbie, mwanangu?"

Na akaanza kuimba kweli. Trafiki alikohoa, akageuza uso, mabega yakimtikisika. Lakini sheria haikucheka. Kuendesha chombo kisichosajiliwa ni kosa, na kukibandika namba ya kujitungia ni kosa kubwa zaidi. Kigari kikapelekwa kwenye yadi ya vyombo vilivyokamatwa, na tukaambiwa waziwazi: kisichosajilika hukatwa vipande, kikauzwa chuma chakavu.

Jumapili iliyofuata Cheche alimbeba mama mgongoni mpaka ibadani. Njia nzima mama hakuimba. Nilipomuuliza alisema, "Mtu ambebe mtu, halafu aliyebebwa aimbe? Hapana."

Siku ya kuitwa yadini, trafiki yule yule alituvuta pembeni, nyuma ya basi lililong'olewa vioo. Alikuwa na roho nzuri, siwezi kumsema vibaya.

"Kaka, sikia. Mkaguzi akikuuliza, sema injini imekufa, mnasukuma tu. Kiti cha mgonjwa cha kusukuma hakisajiliwi. Mtaondoka nacho leo leo."

Nilimtazama Cheche. Alikuwa anakitazama kigari.

Mkaguzi wa magari, mzee mwenye miwani ya kamba, alikizunguka akiguna. "Injini inafanya kazi?"

Cheche akaweka kiganja juu ya injini. "Nzima, mzee. Nimeifufua kwa mikono yangu, siwezi kuisingizia kifo."

Trafiki alishika kichwa.

"Na barabarani umekiendesha?"

"Kila Jumapili."

"Unajua kwamba unajikaanga mwenyewe?"

"Mama alikuwa anaimba juu yake, mzee. Nikikana, sasa itakuwa aliimba wapi?"

Huyu ndiye niliyembeba mgongoni, nikamfundisha kusali kwa kumshika vidole!

Mkaguzi alilala chini na shati lake jeupe, akaingia mvunguni. Tukamsikia akigonga chuma baada ya chuma. Alipotoka, mgongo umejaa vumbi, alisema, "Umechomelea vizuri. Faini utalipa yote, hapo sikusamehei. Utaongeza breki ya nyuma, taa na vioo, na kigari hakitoki hapa mpaka vitimie. Na hili bati," akalibandua, akampa mkasi, "likate mwenyewe."

Cheche alivua kofia kwanza. Kisha akakata, polepole, katikati ya namba ya wimbo wa mama.

Vyote vilipotimia tukampeleka mama aone. Mkaguzi akatoa nyundo na vyuma vidogo vyenye herufi na tarakimu nchani, akaanza kugonga namba ya kukisajilia kwenye fremu, moja baada ya nyingine. Yadi nzima ilikuwa inalia kwa nyundo.

"Namba hii," akasema akipangusa, "haipo kwenye chombo kingine chochote duniani."

"Hata kikifanana nacho?" nikauliza.

"Hata kikifanana, dada."

Nilimfikiria Mungu, na sisi tulivyo wengi hivi, na bado hamchanganyi mtu na mtu. Kumbe hata kigari cha sofa kinaweza kujulikana hivyo.

Mama, ameshaketishwa kwenye sofa lake, alinyoosha mkono, akaipapasa namba kwa vidole mwanzo mpaka mwisho.

"Mbona ndefu hivi? Kitabu gani kina nyimbo nyingi namna hii?"

"Cha mzee mkaguzi, mama," Cheche akajibu.

"Basi huu siujui," mama akasema, akafunga mkanda wake. "Washa. Nitajifunza njiani."