Niliona Jina Moja Kwenye Fomu Mbili, Nikanyamaza

Mimi ndiye niliyeifanya kata yetu ipate diwani bila mtu hata mmoja kumpigia kura. Mlioko Arusha mjini wengi mlisikia habari hiyo, mkaambiwa kosa ni la mzee mmoja fundi viatu. Si yeye. Ni mimi, jamani!

Jina langu sitalitaja, na hata haya ninayoyataja nimeyabadilisha. Nina duka la steshenari katikati ya mji, si mbali na soko. Natoa kopi, nachapa barua, lakini zaidi ya yote najaza fomu. Leseni, pasipoti, maombi ya chuo cha huko Makumira, zote zinapita mezani kwangu. Kila uchaguzi ukifika, wagombea udiwani wa vyama vyote wanakuja, maana fomu ya uteuzi haitaki kufutwafutwa, na wao wakishika kalamu mkono unatetemeka.

Kwa hiyo historia ya kata yetu naijua kuliko wanaoitangaza redioni. Namkumbuka diwani aliyeshinda kwa kura chache mno mpaka zikahesabiwa upya. Namkumbuka aliyefia madarakani, tukarudi kwenye uchaguzi mdogo. Na yule aliyehama chama katikati ya muhula, akajiuzulu, kisha akaja kutuomba kura zilezile akiwa amevaa shati la rangi nyingine! Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, lakini foleni tulipanga na kura tulipiga. Sisi tulikuwa na kiburi kimoja tu: kwenye kata hii hakuna aliyewahi kupita bila kupingwa.

Kiburi hicho nilikivunja mimi.

Kulikuwa na rafiki yangu, nitamwita Mama Aneth. Tuliimba kwaya moja kwa miaka, sauti ya pili, tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo. Alikuwa na genge la mboga sokoni, na mdomo wake hauogopi mtu. Alipotangaza kugombea udiwani, soko zima lilishangilia. Kila mtu alijua atashinda.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Miezi michache kabla ya hapo alimfanyia binti yake sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Kwenye kamati hakuniweka. Mimi! Mimi niliyembeba Aneth mgongoni mama yake alipolazwa! Siku ya sherehe nikapewa kiti nyuma kabisa, karibu na spika za muziki. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ilipokatwa wakaitwa watu wa heshima kwenda kulishwa kipande, jina langu halikusikika. Nilirudi nyumbani Lemara kifua kinaniwaka. Baadaye alinieleza kwamba kamati ilipangwa na wifi zake, yeye hakuwa na sauti. Nikamwambia yameisha. Hayakuwa yameisha.

Wiki ya fomu ilikuwa na ile baridi ya mwezi wa nane, Mlima Meru hatujauona siku ya tano. Mgombea mwingine alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara mwenye majengo mjini. Fomu yake niliijaza mapema wiki hiyo, na siku ya mwisho asubuhi akawa ameshairudisha.

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, Mama Aneth akaingia anahema na majina na saini za wadhamini wake. Wadhamini ni wapiga kura wa kata wanaotia saini kumuunga mkono mgombea, na mtu mmoja haruhusiwi kuwadhamini wawili. Nikaanza kuandika. Nikafika kwa Mzee Loshilu.

Kalamu ikasimama.

Mzee Loshilu alikuwa fundi viatu wa kona ya mtaa wetu, Mwarusha mpole, asiyejua kumkatalia mtu. Na jina lake, pamoja na namba ya kadi yake ya kupigia kura, nilikuwa nimeshaliandika kwenye fomu ya yule mfanyabiashara! Kule limeshapokelewa. Huku lisingehesabika. Na Mama Aneth alikuwa na wadhamini wa idadi iliyotakiwa tu, hakuna wa ziada.

"Dada, mbona umenyamaza?" akaniuliza. "Kuna tatizo? Niambie, sokoni pale watu wapo."

Mwisho wa kurudisha fomu ilikuwa saa kumi. Sokoni kwa wenzake, dakika tano tu, angerudi na wadhamini hata ishirini! Nilichotakiwa kusema ni neno moja.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Wanatosha."

"Mungu akubariki, mwenzangu. Bila wewe sijui ningefanyaje."

Akatoka mbio. Kama ningeishia hapo labda ningejidanganya kwamba nilipitiwa. Lakini nikachukua simu nikampigia mfanyabiashara, nikamtajia jina la mzee. Akasema, "Nimekuelewa, dada. Sitakusahau." Siku ile nilifurahi. Leo neno hilo sitaki hata kulikumbuka.

Mfanyabiashara akaweka pingamizi, likakubaliwa. Mama Aneth akakata rufaa, rufaa ikakataliwa. Kwenye ubao wa matangazo ikabandikwa karatasi kwamba mgombea wetu mmoja aliyebaki amepita bila kupingwa. Watu waliisoma wakaondoka, na sokoni siku hiyo hata redio hazikuwashwa.

Hasira zikahitaji mtu, zikampata Mzee Loshilu.

"Mzee, umetuuza!" walimpigia kelele pale pale konani kwake. Maskini alijitetea. Alisema wote wawili ni wateja wake, wote walimwomba kwa heshima, na hakujua kuna sheria. Hakuna aliyemwamini. Viatu vikaacha kuja. Asubuhi moja alikuta kiti chake kimemwagiwa maji machafu ya samaki.

Akaja dukani kwangu, kofia mkononi. "Yeyo," akaniambia, kama Waarusha wanavyomwita mama, "wewe unajua mambo ya karatasi. Mimi nilikosea wapi?"

Mnajua nilimjibu nini? "Ulikosea kutia saini mara mbili, mzee wangu. Watu wameumia." Nilimtazama usoni nikasema hivyo! Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Wiki ile akafunga vifaa vyake akarudi kwao, upande wa magharibi wa mlima.

Diwani wetu mpya hakuchelewa. Vibanda vya mama lishe na magenge yaliyozunguka soko vikapakwa X nyekundu, vivunjwe. Akina mama wakamfuata. Akawauliza, "Nani kati yenu alinipigia kura?" Akageuka aondoke. "Basi msinisumbue." Genge la Mama Aneth likaenda na maji, sasa anauzia huko Sakina, kwenye vumbi la barabara ya Nairobi.

Mtaa wetu wote ulipakwa X. Baraza za maduka, meza za mafundi, hata kibanda cha mlinzi. Mlango wangu peke yake haukuguswa. Sikuwa nimeomba! Majirani waliupita wakiutazama, kisha wananitazama mimi. Salamu zikapungua. Kwenye kwaya, nikikaa, mtu wa pembeni anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Miaka ikapita hivyo, mpaka uchaguzi ukakaribia tena.

Wiki iliyopita diwani aliingia dukani mchana kweupe, akasubiri mteja atoke, akausukuma mlango ukajifunga. "Habari za siku nyingi, dada. Mama Aneth anagombea tena. Fomu zake zikifika, nizione kwanza kabla hazijatoka hapa."

"Na asipozileta kwangu?"

"Atazileta. Anakuamini." Akatabasamu. "Na usihangaike kuwaza sana. Ile habari yetu ikitoka, mimi nitabaki kuwa diwani. Wewe utabaki nani?"

Akaondoka, mlango akauacha wazi. Na kweli, jana Mama Aneth akaja, bahasha mkononi, sketi imejaa vumbi la Sakina. Akaiweka mbele yangu. "Safari hii tuhesabu vizuri, dada," akasema, anacheka. Hajui kitu!

Nikashindwa. Nikamwambia yote. Sendofu, spika, jina la mzee, simu niliyopiga. Sikuacha kitu.

Hakunipiga. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja.

"Mimi ningeweza kukusamehe," akasema. "Ni genge tu, na udiwani ni udiwani. Lakini Mzee Loshilu alinifuata Sakina kabla hajafa. Alikuwa anaumwa, ameshikiliwa na binti yake. Alipiga magoti, mzee yule, mbele ya wanangu, akaniomba msamaha."

Akachukua bahasha yake.

"Nikamnyima."

Akaondoka. Sikuwa nimejua kwamba mzee amekufa. Sikuwa hata nimeuliza!

Tangu asubuhi diwani amenipigia simu mara nne, sijapokea. Atakuja mwenyewe, najua, na sijui atakuja na nini. Nimeandika haya kabla hajafika, ili hata nikifunga duka leo, ukweli uwe umeshatoka.

Ndugu zangu mnaowaandikia watu karatasi zao, makarani, walimu, hata wewe unayemjazia jirani fomu ya mkopo, nawaomba sana. Ukiwa na kinyongo na mtu, mfuate mgombane, mtukanane, yaishe. Ukiliona kosa kwenye karatasi yake, mwonyeshe papo hapo. Usinyamaze hata dakika moja! Mimi nilinyamaza nikidhani namkomoa rafiki yangu, na mzee asiye na hatia akapiga magoti kwa ajili yangu, akafa hajasamehewa.