Tyubu Nane za Elieshi

Elieshi alianza Karatu na beseni la viatu vya mitumba, na leo ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Katikati hapo hakuna muujiza. Kuna mwanamke asiyelipa bei ya kwanza wala kuamini mdomo wa fundi. Kila fundi wake alilijua sharti: vifaa ananunua mwenyewe, na kazi ikiisha aletewe makopo na tyubu zilizoisha azione kwa macho.

Aliyesamehewa sharti hilo ni Zablon peke yake. Mtoto wa shangazi yake, kutoka nyumbani Machame, aliyefika na begi moja akalala sebuleni kwake mwaka mzima hadi akawa fundi marumaru anayetafutwa. Kumdai Zablon tyubu tupu kungekuwa kama kumpekua mdogo wake mifukoni.

Marumaru za mabafu ya nyumba ya wageni akampa yeye aziweke. Silikoni, gundi ya kuziba maungio maji yasipite, aliifuata Arusha mwenyewe. Alitaka ya bafuni, yenye dawa ya kuvu, ile inayonuka siki ikipakwa na kuvutika kama mpira ikikauka. Karatu ukungu ukishuka, bafu halikauki wiki nzima. Akamkabidhi Zablon tyubu nane.

Mwezi haujaisha, siku ya Jumanne, ukuta wa chumba namba mbili ukalowa nyuma ya kitanda. Ijumaa wakala wa watalii anakuja kukagua vyumba. Elieshi akaingia bafuni, akasugua kona kwa kitambaa kibichi. Kile cheupe kilichoziba maungio kikayeyuka kama uji. Ilikuwa rojo ya kuzibia nyufa za ukuta kabla ya rangi, isiyovumilia maji. Akapiga simu.

Zablon akaja anacheka. "Dada, hata chai hujaweka?"

"Pitisha kidole hapa."

Alipopitisha, kicheko kikakatika.

"Silikoni yangu iko wapi?"

"Dada Elieshi, si zote nyeupe? Mgeni atajua nini?"

"Sijakuuliza rangi."

Zablon akatazama ndoo. "Nilipaka kwa Mathias, kwenye lodge yake. Yangu iliniishia, na yule mzee anakagua mpaka nyuma ya choo. Nikasema wewe ni dada, utanielewa."

Hapo ndipo palipomchoma. Mathias, asiyejua hata kwao Zablon ni wapi, kapewa kazi safi kwa sababu anakagua. Yeye kapewa uji kwa sababu anaamini.

Hakulia, hakutukana. Akaagiza nyingine nane Arusha, zikafika na basi mchana huohuo, akanusa ya kwanza, akaweka kigoda mlangoni pa bafu. Zablon akakwangua, akafuta, akakausha, akapaka upya mabafu yote manne. Jumatano jioni akafunga begi lake.

"Yaishe basi, dada."

"Tyubu, fundi."

Zablon akainua macho. Dada yake hakuwa amewahi kumwita fundi. Akazipanga kizingitini, moja moja, na Elieshi akaikamua kila moja.

Ijumaa wakala alipapasa kona, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kazi nzuri. Fundi wako nani, mama?"

"Namba yake nitakupa," Elieshi alisema. "Ila akimaliza, mdai tyubu tupu."