Hoteli Niliyomchagulia Mavyaa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mume wangu Abdi hajaisikia kutoka kinywani mwangu mpaka leo. Nakusimulia wewe kwa sababu jana ulikaa kwenye kochi langu hapa Sparkbrook, Birmingham, ukinionyesha simu, hoteli baada ya hoteli, ukiniuliza ipi itamfaa mavyaa wako apumzike siku chache. Hii ina bahari, hii ina bustani na mashamba, hii watu wameisifu sana. Nikakwambia nitakujibu kesho. Najua ulifikiri shangazi anazeeka, mambo ya simu yamemshinda. Hayakunishinda. Niliziona picha zile nikaikumbuka asubuhi ile, ndiyo maana nikakuahirisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa yangu ina mwaka wa pili. Abdi ni Msomali wa Isiolo, mimi mtoto wa Mombasa, na mama yake, Bi. Saadia, alikuwa ametarajia mkwe wa kwao. Alipokuja kuishi nasi alinitendea kwa adabu. Mapenzi hayakuwepo bado, na mwanamke yeyote aliyeolewa anajua kwamba adabu peke yake ina baridi yake. Kisomali sikukijua, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili, chake cha bara na changu cha pwani, na kila mmoja alimwona mwenziwe anakiharibu.

Mwaka huo sukari ilimlaza mavyaa hospitali. Siku ya kutoka, nesi alituita mimi na Abdi pembeni akatueleza polepole, kama mtu anayejua anaosema nao wana mambo mengi kichwani. Akishajidunga sindano lazima ale. Asipokula sukari itashuka, atazimia, na anaweza asiamke tena. Tukaitikia kwa vichwa. Daktari akaongeza kwamba siku chache za hewa safi zingemfaa. Abdi alifanya kazi kwenye ghala moja kule Nechells na likizo alinyimwa, basi akaniambia, "Chagua wewe mahali pazuri. Mama nakuachia mikononi mwako."

Mimi nilifurahi, mwanangu. Niliona hii ndiyo nafasi yangu.

Enzi hizo tulichagua kwa vitabu vya picha vya wakala wa safari. Nilivitandaza mezani jioni tatu, mwisho nikabakiza mahali pawili. Pa kwanza palikuwa vyumba vya kupanga katika mji wa pwani wenye watu tele na kelele zao, kila chumba na jiko lake dogo. Pa pili palikuwa hoteli nyeupe juu ya kilima, ukumbi wa kulia una vioo kutoka juu hadi chini, na bahari yote iko mbele yako. Moyo wangu ulishaamua. Nilikwisha kujiona nimekaa pale na mavyaa, vikombe mkononi, kisha yeye anarudi Birmingham akiwasimulia wanawake wenzake jinsi mke wa mwanawe alivyompeleka mahali pa maana. Hata hivyo nikamwonyesha, isije ikasemwa sikumwuliza.

Alizitazama picha bila haraka. Akauliza jambo moja tu.

"Hii nyeupe ina jiko?"

Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, huyu anataka nikampikie mpaka baharini. "Mama, tunaenda kupumzika," nikamjibu. "Hakuna kupika huko. Watatupikia wao."

"Haya," akasema. "Mimi popote ni sawa."

Nikalichukua neno lile kama ruhusa, kwa kuwa lilinifaa.

Tulifika alasiri, kwa treni kisha teksi. Hoteli ilikuwa vile vile ilivyokuwa kitabuni, na sina neno baya la kuisema, watu wake walikuwa wapole kabisa. Jioni tukakaa kwenye ule ukumbi wa vioo, nikamsomea orodha ya chakula. Nyama zote akatikisa kichwa. Samaki nilipomsomea mpaka mwisho, tukakuta kapikwa kwa mvinyo.

"Niagizie chai na mkate," akasema. "Nimeshiba. Zile chapati za kwenye treni zimenijaza."

Sasa wewe umezaliwa hapa hapa, labda hili hujalielewa vizuri. Kwetu mtu akisema nimeshiba, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Unamwambia aongeze kidogo, anakataa. Unamwekea, anakusukuma mkono. Unaapa hutakula mpaka ale, naye anacheka, anakula. Nilikulia katika mchezo huo, niliujua vizuri sana. Lakini mhudumu alikuwa amesimama na kalamu yake, na mimi nikaona haya kubembelezana mbele ya Mzungu. Mhudumu akaandika chai na mkate, akaenda zake. Hoteli haimbembelezi mtu. Mimi ndiye niliyepaswa kumbembeleza.

Asubuhi ya siku ya pili chakula kilipangwa mezani, kila mtu anajipakulia. Kijana aliyevaa aproni nyeupe alisimama mbele ya bamba la moto, na kwa koleo moja aligeuza soseji za nguruwe, akageuza mayai, akarudi kwenye soseji. Mavyaa aliliona. Na mimi niliona, sitakudanganya. Nikajifanya sikuona, nikachukua mayai mawili.

Yeye alikuja mezani na ndizi moja na chai. Alitazama sahani yangu mara moja tu, kisha akageuza uso kwenye bahari. "Nimeshiba," akasema. "Kula wewe, mwanangu."

Jicho lile lilinichoma. Nililisoma kuwa ni dharau. Yaani nimemleta mahali kama hapa, na bado ananipima dini yangu kwa sahani? Nikala mayai yale yote, na kila tonge lilikuwa la hasira.

Mchana alisema analala. Nilipoingia chumbani nikaona kokwa za tende zimefungwa kwa karatasi, zimetupwa kwenye pipa. Kumbe ana boksi la tende mkobani, anakula peke yake kwa siri. Mtu mwenye akili timamu angejua hapo hapo kwamba huyu ana njaa. Mimi nilijua, mwanangu, nilijua, lakini hasira ilikuwa tamu zaidi. Nikasema kama amenuna, na anune. Chakula kipo, miguu anayo. Jioni akasema hateremki, nami nikateremka peke yangu nikala nikashiba, nikatazama bahari kupitia vile vioo. Sikuonja raha hata chembe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimsikia akifungua kikoba cha sindano huko bafuni. Kisha akatoka, amevaa koti. "Nenda ukale," akaniambia. "Mimi nimekunywa chai." Palikuwa na birika chumbani, ya maji ya moto na majani, chai kavu. Nami nikashuka, nikanywa kahawa upesi upesi, nikarudi nikamwambia twende tukatembee ufukoni, maana ndilo tulilolijia. Nilisema kwa sauti ya kumlazimisha.

Ngazi za kushukia ufukoni zilikuwa ndefu, za mawe. Upepo ulikuwa mkali. Tulipofika chini, mavyaa akaanza kunisemesha Kisomali. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Nikadhani ananitukana, nikageuka nimjibu, ndipo nikauona uso wake. Umelowa jasho, katika baridi iliyokuwa ikinikata masikio. Vidole vilikuwa vikihangaika na kifungo cha koti na havikipati. Akaketi pale pale kwenye jiwe.

"Mama, umekula nini?" nikamuuliza. "Mama, umejidunga sindano?"

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

Nikaupekua mkoba wake. Boksi la tende lilikuwa tupu. Mfukoni mwangu nina ufunguo wa chumba na leso. Juu hoteli ile nyeupe inang'aa, na mimi siwezi kumwacha ukingoni mwa maji nikapande ngazi zile, wala siwezi kukaa nimtazame akiniponyoka mikononi. Maneno ya nesi yalinirudia yote, moja moja. Nikawaza nitamwambia nini Abdi. Naona aibu kukwambia kwamba hilo ndilo nililoliwaza kwanza. Nikamshika mabega nikaanza kupiga kelele, "Mama! Mama, nitazame!"

"Mama ana nini?"

Kiswahili. Niligeuka nikamwona mzee Kalasinga, kilemba cha buluu, anakuja mbio kwa kadiri ya umri wake, na nyuma yake mkewe amebeba kikapu. Basi la matembezi lilikuwa limewaleta kutoka Handsworth, kule kwetu Birmingham, kuja kushinda ufukoni. Wote wawili walikuwa wamekulia Nakuru.

"Ni sukari," nikasema. "Amejidunga, sijui..."

"Imeshuka, hiyo. Mimi pia niko nayo." Alikwisha kutoa peremende mfukoni na huku anamwita mkewe kwa Kipunjabi. Mama yule alimimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akaikoroga sukari mpaka ikawa nzito, akapiga magoti kwenye mchanga wenye maji, amevaa sari—la, ilikuwa salwari, ile suruali yao pana, ya kijani, naikumbuka ilivyolowa. Akamshika mavyaa kidevu. "Kunywa, dada. Kidogo tu. Bado. Kidogo tena."

Sijui tulikaa pale muda gani. Nilikuwa nikitazama macho ya mavyaa, nikisubiri yanitambue. Yaliponitambua nikalia kimya kimya, sikutaka wanione.

Mama wa Kipunjabi akafungua kikapu, akatoa wali na dengu. Mavyaa akainua kiganja. "Ahsante, dada. Nimeshiba."

Yule mama hata hakumsikiliza. "Sisi nyumbani hatuli nyama, hii ni dengu na wali tu. Usipokula chakula changu sitasimama hapa, na magoti yangu ni mabovu." Akaweka kijiko mkononi mwake. Na mavyaa wangu, mwanangu, alikula. Alikula kwa namna ambayo sijawahi kumwona, kichwa ameinamisha, hasemi, mpaka bakuli likaisha. Akaongezwa, akamaliza tena.

Hapo mama yule akanigeukia. Hakukasirika. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. "Huyu alikula lini mara ya mwisho?"

Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja, nimekaa naye meza moja, na bado nikaanza kuhesabu kwa vidole. Ni mavyaa aliyejibu. "Jana jioni. Yeye ndiye aliyeniletea."

Alisema uongo ili anisitiri, kijiko bado kiko mkononi mwake.

Chumbani nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa amejilaza, blanketi mpaka kifuani.

"Ulikuwa na furaha sana na hoteli yako," akasema. "Na yale mayai ulikuwa umeshayaweka kwenye sahani. Ningesema, ningekuaibisha." Akalivuta blanketi juu kidogo. "Kujidunga bila kula ni kosa langu. Nilitaka kukushinda, na mimi nina kichwa kigumu. Lakini Maryam, wewe ulijua nina njaa."

Nilikaa kwenye kitanda changu nikaushika ufunguo wa chumba mpaka ukaniachia alama kiganjani.

Tuliporudi Birmingham, Abdi alitupokea stesheni, akamuuliza mama yake kama amepumzika. "Bahari ni nzuri," akajibu. "Mkeo alinitunza." Hakulisema lile jambo tena mpaka Mungu alipomchukua, miaka mingi baadaye, nyumbani kwangu. Tulikuja kupendana, mimi naye. Lakini neno lile, alinitunza, kila nikilikumbuka natamani angenipiga kofi pale stesheni mbele ya watu.

Basi sikiliza jibu la swali lako. Picha ziache kwanza, bahari haitahama. Anza na mtu. Anakula nini, na huko kitapikwa kwenye chombo gani? Piga simu hoteli uombe kuzungumza na watu wa jikoni, usione haya, Waingereza wakiulizwa hujibu. Kuna ngazi? Kuna lifti? Atatawadhia wapi, na atazungumza na nani wewe ukiwa umelala? Pengine utakuta chumba kidogo chenye jiko, katika mji wa kelele, ndicho kitakachompumzisha, na wewe itabidi uukaze moyo ukose ile picha ya kuwatumia wenzako.

Na ukiwa na kinyongo naye, kimalize hapa hapa mjini. Usikipakie kwenye sanduku, maana huko ugenini mko wawili tu, na mkubwa wenu ndiye atakayekulipia kwa mwili wake. Ukiona sahani yake haikuguswa, usingoje aombe. Mbembeleze mbele ya mhudumu, mbele ya Wazungu, mbele ya malkia akiwepo. Aibu ya kubembeleza huisha mezani pale pale. Hii yangu nimeibeba mpaka mvi.

Nenda salama na mavyaa wako, mwanangu. Mungu awape hewa nzuri, awarudishe wote wawili mkiwa mmeshiba, na akujaalie wewe uso ambao mtu mwenye njaa haogopi kuuambia.