Picha Nilizozikata Kibondo

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya wakimbizi Kasulu, nilifika nimevaa tai, shahada yangu ya historia iko kwenye bahasha. Mkuu wa Masijala aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia, kisha akanipa mkasi na chupa ya gundi. Wakati huo matangazo ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani kutoka Burundi yalipigwa kwa taipu. Mpigaji aliacha nafasi tupu kando ya kila jina, nasi tukabandika picha kwa mkono.

"Msomi," aliniambia, "gundi ikizidi, mtoto anaota ndevu."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kibondo, kwenye kompyuta. Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa Watoto, mama mpole asiyevumilia ukurasa mchafu. Hapo nilijifunza kuitia picha nanga, yaani kuifunga kwenye aya yake, ili jina likishuka mstari picha nayo ishuke, mtoto asije akasimama kando ya jina la mwenzake. Nilichokipenda zaidi kilikuwa kukata kingo: unabonyeza shifti, unavuta ukingo kwa kipanya, na usichokitaka kinatoweka. Watoto walikuwa wamepigwa picha wamesimama, wengine wameshika sahani. Niliwakata wote shingoni. Nyuso tupu, kumi na mbili kwa ukurasa, zimepangana kama matofali.

"Sasa zinafanana na za pasipoti," Mratibu alisema. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Tulizibandika kwenye ubao kambini. Utaratibu ulikuwa kwamba mtoto asiyetambuliwa ndani ya miezi mitatu anakabidhiwa familia ya kumlea, mara nyingi kambi nyingine.

Bibi mmoja aliyevuka mpaka pale Mabamba alikuja ubaoni siku tatu mfululizo, akimtafuta mjukuu wake. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Jumatatu watoto waliotimiza miezi mitatu wangeondoka. Nikamuuliza jina la ukoo. Lilikuwa swali la mtu aliyesoma sana. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na huyu wa miaka miwili alijijua kwa jina la kudekezwa tu, ambalo wengi ubaoni walikuwa nalo.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, alisema, Kirundi chake na Kiha changu vikikutana katikati, "wote wamenyolewa, wote wamekonda. Nitamjuaje kwa kichwa? Miili yao mmeipeleka wapi?"

"Tumeikata, bibi, ili picha zikae vizuri."

"Zikae vizuri kwa nani?"

Nikaenda naye ofisini. Picha iliyokatwa kwa namna ile haikuwa imefutwa. Ilikuwa imefunikwa tu. Ukivuta ukingo kurudi nje, kilichofichwa kinatokea. Nikavuta moja baada ya nyingine. Safu zikavunjika, ukurasa mmoja ukawa mitatu. Mratibu akasimama mlangoni.

"Unaharibu kazi ya wiki mbili."

"Ndiyo, mama."

Alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama bibi, akavuta kiti akampa.

Kwenye ukurasa wa tano alitokea mtoto mwenye shati kubwa lililotiwa kiraka kifuani. Bibi aliinua pindo la kitenge chake, akatuonyesha mahali palipokatwa pembe nne. Maua yalikuwa yaleyale.

Jumatatu mtoto aliondoka mgongoni kwa bibi yake. Tulichapa upya kurasa zote, mbaya kweli, mikono na miguu ikitokeza nje ya safu, na Mratibu akazitia sahihi. Lakini kundi moja lilikuwa limekwisha kuondoka kabla ya bibi yule kufika. Hao walikaa ubaoni miezi mitatu wakiwa nyuso tupu, na sijui ni nani aliyepita mbele yao asiwajue.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Ofisi ya mafao ilitaka picha yangu, uso na mabega. Karani aliiingiza kwenye kompyuta, ikazidi kisanduku, akaikata kingo. Nikamuuliza kama kilichokatwa bado kimo ndani.

"Hapana, mzee," alisema. "Hii ukishaihifadhi, kilichokatwa kimekwenda."