Viatu vya Mamie

Ova Ledford hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akishaingia msituni ulimi ulimfunguka. Theluji ikiyeyuka tu, kabla miti haijatoa majani, maua ya mwituni hutoka mbiombio kulikimbilia jua kabla kivuli hakijafunga, na Ova huwa keshavaa mabuti ya marehemu mumewe Harlan anapanda mlima. Huku kwetu milimani, Karolina Kaskazini, kila mwanamke ajuaye maua ana pembe yake ya msitu asiyomwonyesha mtu. Mume haonyeshwi. Mchungaji haonyeshwi. Unamwonyesha binti yako, basi, halafu unaweza kufa kwa raha. Ova hakujaliwa binti.

Alijaliwa wifi. Delphia, dada wa marehemu Harlan, alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na kuhusu maua hakujua hili wala lile. Lakini Harlan alipozikwa ni yeye aliyehamia kwa Ova majira yote ya baridi, akampikia, akamkemea ale, akalala naye kitanda kimoja ili asilie peke yake. Mtu kama huyo utamnyima nini? Masika yalipofika Ova akamwambia avae viatu vigumu.

"Na hili jeupe?" Delphia aliuliza.

"Kila ua kwako ni jeupe. Hebu vunja mzizi."

Delphia akavunja. Utomvu mwekundu ukamchuruzika vidoleni, akapiga yowe. "Yesu wangu! Linatoka damu!"

"Ndiyo maana likaitwa mzizi-damu. Mama alitilia nyuzi rangi kwa huo. Na usilambe kidole, utatapika mpaka Jumapili."

Wakaendelea hivyo, masika baada ya masika. Ova akamwonyesha jani lenye umbo la ini, ambalo zamani walevi walichemshiwa wanywe. Akamwonyesha ua la manjano ambalo majani yake yana madoa kama samaki wa mtoni. Likichanua, wanaume hushusha ndoano ukutani waende kuvua. Akamwinamisha kwenye Benjamini Mnuka, ua jekundu la kiza, linaloita nzi kwa harufu ya nyama iliyooza. Delphia akanusa, akarudi nyuma. "Wifi, hizi ni soksi za Harlan!" Wakacheka hadi wakakaa chini kwenye majani makavu.

Mwishowe akamfikisha bonde la juu, kwenye shamba la zamani la mama yake ambalo msitu ulikuwa umelimeza. Pale palikuwa na yale maua makubwa ya manjano yenye tumbo lililotuna kama kiatu cha mtoto. Wengine huyaita viatu vya bibi. Kwa kina Ova yalikuwa na jina jingine. Mdogo wake, Mamie, alikufa kwa kifaduro katikati ya baridi, akazikwa miguu mitupu kwa sababu nyumbani hapakuwa na kiatu cha kumwenea. Masika yale mama yao akapanda bondeni akayakuta maua yamechanua, akarudi nyumbani akasema, "Mamie kapata viatu." Tangu hapo yakaitwa viatu vya Mamie, na jina hilo halikuwahi kutoka nje ya nyumba ile.

"Hayahamishwi," Ova alimwambia wifi yake. "Mizizi yake inaishi kwa udongo huu huu. Ukiling'oa, umelizika."

"Nife kabla sijasema," Delphia akajibu, mkono kifuani.

Haya. Mwaka jana kanisani kwetu kulikuwa na ule mlo wa vitunguu mwitu, vya kukaangwa na viazi kwa mafuta ya nguruwe, mlo unaofanya kijiji kizima kinuke mdomo wiki nzima. Mama mchungaji, Corinne, alikuwa mgeni bado, ametoka mjini na mumewe. Mwema tu, sina neno naye. Alimshika Ova mkono, uso umemchangamka. "Dada Ova, lazima uje uone bustani yangu. Nimepanda viatu vya Mamie, kando ya ngazi yote!"

Ova akautoa mkono wake. "Umepanda nini?"

"Viatu vya Mamie. Si ndivyo vinavyoitwa huku?"

Duniani walikuwa wamebaki watu wawili waliolijua jina lile. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa meza ya pili, anakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa, hainui uso.

Ova hakufanya fujo mbele za watu. Alimfuata Delphia nje, kwenye gari.

"Umempeleka."

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"Umempeleka na koleo, Delphia!"

"Maua ni ya Mungu, si yako!" Delphia akafoka, kisha sauti ikamvunjika. "Kila siku mimi ndiye mjinga wa kuchekesha watu. Yule mama akaniuliza kama najua maua, na mimi nikajua. Mara moja tu maishani nilikuwa na kitu cha kumpa mtu. Nilikuachia machache."

"Na jina lake? Jina la mdogo wangu nalo ulimpa?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, lakini jamani, wakati mwingine kilikuwa nguoni kwa sababu ulikikaribisha kikakupashe joto. Ova alipanda bondeni kesho yake. Mashimo matupu. Machache aliyoachiwa yalikuwa yamekanyagwa. Alikaa pale akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilimchosha kuliko msiba wa Harlan, maana Harlan hakutaka kumwacha.

Mwaka mzima hawakusemezana. Masika haya Delphia akaja barazani kwa Ova, kakonda, kashika bakuli la mkate wa mahindi.

"Wifi, yale ya mama mchungaji hayakuchomoza hata moja."

"Nilikwambia."

"Ulinambia." Akameza mate. "Ameniuliza kama kuna mahali pengine. Nami sitamwambia, naapa. Nataka kuyaona tu. Mimi na wewe, kama zamani."

Ova akamtazama. Asubuhi ile ile, ng'ambo ya kijito, chini ya mwamba ambako hakuwahi kupita, alikuwa amepiga magoti mbele ya kundi jingine la maua yale, yamechanua mengi, mazuri kuliko ya bondeni. Na aibu yake ni kwamba alipoyaona, mtu wa kwanza aliyetaka kumwita alikuwa Delphia.

"Hakuna," akasema.

"Hata moja?"

"Yameisha, Delphia. Mliyamaliza."

Delphia akaweka bakuli kwenye ngazi, akashuka polepole, akijifuta macho kwa kiganja. Ova hakumwita. Alikuwa na miaka sabini na kitu, hana binti, na sasa hana wifi. Viatu vya Mamie vilikuwa vimechanua ng'ambo ya kijito, na njia ya kwendea huko angezikwa nayo.