Kalkuleta ya Bei ya Mtamba

Jeska Keraryo alikuwa kazini muda mrefu kuliko mabomba mengi aliyoyapimia njia. Tangu atoke chuoni, mamlaka moja ya maji ilimpa mkataba wa muda, ikauhuisha, ikauhuisha tena, mpaka neno "muda" likapoteza maana. Alivipanda vilima vya Bunda, akashuka mpaka Kibara ziwani, na kalkuleta ya kisayansi ambayo kitufe chake cha sawasawa kilishafutika alama. Kidole kilikijua chenyewe, kama ulimi unavyolijua jino bovu.

Kisha likatoka tangazo: nafasi moja ya ajira ya kudumu, usaili wa maandishi Musoma mjini, Jumatatu asubuhi. Kila msailiwa aje na kikokotoo cha kisayansi, kisichochora grafu wala kuhifadhi programu. Jeska alifurahi. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imeomba kitu alichokuwa nacho.

Jumapili ukoo ulikusanyika nyumbani Butiama kumwombea. Kaka yake mkubwa, Lameck, mfanyabiashara wa Makoko, alisimama baada ya chakula na boksi mkononi.

"Dada yangu haendi kwenye usaili na kitu kama rimoti ya redio mbovu," alisema. "Nimemnunulia hii. Bei ya mtamba."

Ilikuwa kalkuleta ya kuchora grafu: kioo cha rangi, inachajiwa kama simu, inatunza fomula zote ambazo mwanadamu anaweza kuzisahau. Baba mdogo Mwikwabe aliishika kwa mkono wa kulia, ile kuukuu kwa wa kushoto, akazipima uzito.

"Hii ndogo ni ndama wa kiangazi," alitoa hukumu. "Hii nyingine ndiyo dume. Mimi nilikuwaga nachagua madume mnadani nimefumba macho. Mkono unajuaga."

"Ni nzuri kweli, baba mdogo," Jeska alisema. "Ofisini ningechora mteremko wa bomba lote nikauona. Ila ile ndogo inatosha: ina sine, ina tanjenti, inakokotoa milinganyo, inatumia mwanga wa jua. Na kwenye usaili..."

"Kwenye usaili nini?" Lameck aliuliza.

Mama alikuwa ameshaanza vigelegele. Katekista aliyeongoza maombi alikuwa ameshainyunyizia maji ya baraka, tone moja likaingia kwenye kitufe cha kuwashia.

"Kwenye usaili nitakukumbuka, kaka."

Kwa akina Keraryo, aliyepewa mtamba haondoki pia na ng'ombe mzee. Mzee hubaki kwa mtoaji. Ndiyo heshima. Kwa hiyo wifi yake Eunice, mke wa Lameck, aliichukua kalkuleta kuukuu kwa ajili ya dukani, akaitia mkobani pamoja na vipande vya nyama.

Jeska aliwafuata kwenye gari.

"Kaka, niazime ile ya zamani. Kesho tu."

"Umeidharau yangu?"

"Sijaidharau. Tangazo linakataza zinazochora."

"Linawakataza wasio nazo, wewe! Ukiingia na hii watakuogopa."

"Kaka, wanakataaga kweli."

"Haya. Mama yule pale anacheza. Nenda kamwambie zawadi yangu ni haramu."

Jeska alimtazama mama. Hakwenda. Gari likaondoka.

Asubuhi alifika Musoma maduka ya vifaa vya shule yakiwa bado yamefungwa. Aliyekuwa amefungua ni kijana mmoja muuza chaja na visu vya jikoni, mwenye kalkuleta moja juu ya meza.

"Saintifiki orijino hiyo, dada."

Jeska alibonyeza mbili jumlisha tatu mara nne. Ikajibu ishirini.

"Jibu ni kumi na nne. Inatakiwa ianze na kuzidisha."

"Yenyewe inaanza na aliyetangulia. Si ndiyo haki?"

Alikwangua kidirisha cha kupokea mwanga kwa ukucha. Kikabanduka. Kilikuwa stika. Akainunua, maana saa ilikuwa imefika.

Mlangoni msimamizi aliipokea kalkuleta ya bei ya mtamba kwa ncha za vidole. "Hii iache hapa, mama." Ile ya stika aliigeuza, akasoma neno "saintifiki" mgongoni, akairuhusu.

Jeska aliitumia kama mtu anayemwongoza mlevi nyumbani: azidishe kwanza, aandike pembeni, ndipo ajumlishe. Katikati ya usaili tarakimu za kioo zikapauka, zikazimika. Akaendelea kwa mkono. Maswali ya mteremko wa mabomba, ile kazi aliyoifanya kwa miguu yake mwenyewe, yalipangwa mwisho. Hakuyafikia. Nafasi ilikwenda kwa mwingine.

Alipoeleza nyumbani kilichotokea, baba mdogo Mwikwabe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Serikali ikatae yenye nguvu, ichukue dhaifu? Kwa nini?"

"Ili wasailiwa wote wawe sawa, baba mdogo."

"Si wangewapa wote kubwa?"

Jeska aliitoa ile kubwa mkobani, akaiweka mezani.

"Kashindwa kuitumia," Lameck alisema taratibu, kwa huruma ya mtu aliyegharamia. "Si kosa lake. Masomo yenyewe ya zamani."

Lakini Lameck si mtu wa kumwacha nduguye. Alitoa sadaka ya nia ya misa, na Jumapili iliyofuata msomaji akaitamka kwenye kipaza sauti: "Familia ya Lameck Keraryo inamwombea dada yao Jeska, Mungu amfungulie akili ili azitumie vema zawadi anazopewa. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," kanisa likaitikia.

Jeska, aliyekaa kati ya mama na wifi yake, aliitikia pamoja nao, kwa sauti ya kusikika, maana mama alikuwa akimtazama mdomo.