Magogo ya Jalala la Kalundu

Uvira nzima ni mimi peke yangu niliyerudi na diploma ya takataka, na sioni kwa nini nilifiche jambo hilo. Wenzangu walirudi kutoka ng'ambo na magari. Mimi nilirudi na mashine ya kushindilia, nikaiweka kando ya jalala la zamani juu ya Kalundu, nikaanza kulichimba. Kilichooza kikawa udongo tulikichekecha. Mabomba ya plastiki na soli za viatu tuliviweka kando, maana moshi wake ni sumu. Vitambaa, mbao, maboksi na mifuko tulivianika, tukavikatakata na kuvishindilia vikawa magogo meusi yanayowaka kuliko kuni za mlimani. Sijisifu, ndivyo yanavyowaka.

Nilikosa mnunuzi tu. Kiwanda cha karibu kilikuwa cha sabuni ya mawese, na mwenye kiwanda ni shangazi yangu. Nisingempata yeye, mashine yangu ingekuwa kitanda cha kuku. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kifaransa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Weye baba," akasema, "minye sipike sabuni na uchafu ya watu. Enda upikie mama yako."

Mama alikuwa akinisaidia kuchambua. Yeye na shangazi walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu, tangu kikwembe cha shangazi, kitenge chake cha kujifunga, kilipopotea kwenye kamba ya nguo, naye akauambia ukoo mzima kwamba Mama ndiye anayejua kilipo.

Asubuhi moja Mama alifungua mfuko wa soda kali, ile ya kupikia sabuni, uliokuwa umefungwa fundo. Ndani mlikuwa na kikwembe chenyewe, kimetobolewa na soda, kimegandwa na sabuni. Kumbe kilipangusiwa pipa huko huko kiwandani, kikatupwa.

Mama alikianika juu ya rundo la vitambaa, upande wa barabarani, akaendelea na kazi.

Shangazi akapita akielekea sokoni. Akasimama. Alikitazama kikwembe, akautazama mfuko, kisha akaniuliza mimi, si Mama, kama moto wa magogo yangu hubakiza kitu. Nikasema majivu tu, nikaanza kumfafanulia joto la tanuru. Akanikatiza: rundo lile lishindiliwe leo leo, apelekewe yeye.

"Yote, wifi?" Mama akauliza.

"Yote."

"Basi beba. Lakini sabuni ya pipa ya kwanza iko yangu, na utaileta weye mwenyewe mpaka mulangoni."

Shangazi alijizuia, akashindwa, akacheka. Akaketi kando ya Mama, akaomba kisu, na vitambaa vikaanza kukatwa na watu wawili.

Sabuni aliileta Jumamosi, akabaki hadi ugali ukaiva. Tangu hapo tanuru lake linakula magogo yangu. Mimi huwaambia watu kwamba mteja wangu wa kwanza nilimpata kwa maelezo ya kitaalamu, na Mama, akiulizwa, hukubali.